Faili Zisizo na Majina

Kuna programu ambayo watu wengi hawaijui mpaka siku mbaya ifike. Inaitwa fsck. Stima ikipotea ghafla, seva ikarudi imechanganyikiwa, ndiyo huitwa ije iangalie kilichobaki. Wengi huichukua kama dawa: andika amri, jibu y kila ukiulizwa, nenda ukanywe chai. Lakini ukifuata historia yake utaona haikuundwa kuokoa faili zako. Iliundwa ili hesabu za diski zikubaliane, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Turudi Bell Labs, Marekani, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kazi ya Unix mwaka 1969. Mpango wao wa kuweka faili kwenye diski ndio tunaoutumia hadi leo kwenye seva nyingi. Chukua mfano wa ploti ya vyumba vya kukodisha. Getini kuna orodha ya majina. Hiyo ni folda. Kila jina lina namba, na namba inakupeleka kwenye kadi inayosema faili ni kubwa kiasi gani, ni ya nani, na data yake inalala vyumba vipi. Kadi hiyo ndiyo ainodi. Kisha kuna orodha ya vyumba vitupu. Sasa sikiza hii: jina halimo kwenye kadi. Faili yenyewe haijui inaitwaje.

Kuandika faili moja kunagusa sehemu zote hizo, na diski haiwezi kuziandika zote kwa mpigo mmoja. Tena Unix ya zamani haikuandika papo hapo. Mabadiliko yalisubiri kwenye kumbukumbu, halafu programu ndogo iliyoitwa update iliyamwaga kwenye diski kila sekunde 30. Stima ikienda hapo katikati, unaamka na chumba kimoja chenye wapangaji wawili, au chumba chenye mtu huku orodha ikisema ni kitupu. Hicho cha pili ndicho kinachonitisha. Kesho mgeni atapewa funguo na kuandika juu ya data ya mwenzake, na hakuna atakayepiga kelele.

Mwanzoni ukarabati ulikuwa kazi ya mikono. Kulikuwa na icheck ya kukagua vyumba, dcheck ya kulinganisha majina na kadi, na clri ya kufuta kadi iliyoharibika. Programu zilitoa namba, wewe mwenyewe ukaamua nini kife. Ukikosea namba moja, umefuta faili ya mtu.

Ted Kowalski ndiye aliyeunganisha kazi hizo kwenye programu moja, fsck, na maelezo yake yakatolewa Bell Labs mwaka 1978. Ilipita diski kwa hatua tano: vyumba na ukubwa wa faili, njia za majina, mafolda yaliyokatika kutoka kwa mengine, hesabu ya majina kwa kila kadi, na mwisho orodha ya vyumba vitupu. Endesha e2fsck kwenye Linux leo na utahesabu hatua tano, karibu kwa mpangilio uleule.

Uamuzi ulionivuta kwenye hadithi hii uko kwa faili yenye kadi na data lakini haina jina popote. Kuifuta kungefanya hesabu zikubaliane vizuri tu. Badala yake fsck ilikuuliza kama uirudishe, na ukikubali iliiweka kwenye folda inayoitwa lost+found, ikiwa na namba ya kadi yake kama jina. Folda hiyo ilibidi iwepo kabla ya ajali, tena yenye nafasi, kwa sababu fsck haikuthubutu kuchukua vyumba vipya kwenye diski iliyoharibika. Kwa hiyo watu walijaza lost+found kwa faili za uongo kisha wakazifuta, ili nafasi za majina zibaki wazi. Ni kama kuchimba kaburi mapema, ila hili ni la kufufukia.

Huko chuo kikuu cha California, Berkeley, Marshall Kirk McKusick na wenzake walibadilisha mpango mzima katika 4.2BSD ya mwaka 1983. Ukurasa ulio karibu na mwanzo wa diski, superbloku, ndio unaoeleza ploti imepangwaje. Ukiharibika, huna pa kuanzia. Wao wakatawanya nakala zake, wakizipanga kwa mzunguko kwenye sahani za diski ili sahani moja ikifa isife na nakala zote.

Baadaye diski zikawa kubwa mno, na kukagua kila kadi kukachukua masaa. Stephen Tweedie alileta kwenye Linux wazo ambalo watu wa hifadhidata walikuwa nalo kitambo: kabla hujagusa kitu, andika kwenye daftari unachotaka kufanya. Stima ikirudi, soma daftari umalizie. Alieleza kazi hiyo mwaka 1998, na ext3 ikaingia kwenye Linux rasmi Novemba 2001. Lakini kwa kawaida daftari hilo, jonali, huandika habari za kadi na orodha tu. Yaliyomo ndani ya faili hayaandikwi humo. Ni hesabu tena, bana.

Na jonali haisaidii diski yenyewe ikianza kufa. Niliitwa na mzee mmoja mwenye studio ya picha mjini, seva yake imegoma. "Kijana wangu," aliniambia, "humo kuna harusi za watu."

Sikuanza na fsck, maana fsck huandika, na kuandika kwenye diski inayokufa ni kuisukuma. Nilinakili yote niliyoweza kwa ddrescue hadi diski nyingine, nikafanya kazi kwenye nakala. Superbloku ya kwanza ilikuwa imeenda. Amri ya mke2fs -n hukuonyesha nakala ziko wapi (ukisahau hiyo -n, umefomati diski, kwaheri). Iliyofuata ilikuwa bloku 32768, urithi wa wale wa Berkeley. Nikaendesha e2fsck na -n kwanza, itazame bila kugusa. Kisha kikweli.

Folda nyingi zilikuwa zimekufa. Kwenye lost+found kulikuwa na mamia ya vitu vyenye alama ya reli na namba. Amri ya file ilizitambua kwa baiti za mwanzo: picha, picha, picha. Kamera huandika tarehe ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo tukazipanga kwa siku. Mzee akatoa kitabu cha risiti, kile cha karatasi ya kaboni, akaanza kusoma: Jumamosi hii ni ya nani, Jumamosi ile ni ya nani.

Zilibaki picha ambazo hazikuwa na tarehe wala risiti. Mzee alikataa nizifute. Alinituma nifungue folda mpya akaniambia niiandike Wenyewe Watakuja.