Njozi za Kuficha na Njozi za Kuishi: Riwaya Zetu Kongwe Machoni pa Msomaji wa Ngara

Katika makala haya nakusudia kujadili jambo ambalo wahakiki wetu hulipita haraka haraka: kwamba riwaya ya Kiswahili ilianza na njozi, na kwamba njozi hizo si za aina moja. Nasema "nakusudia kujadili", lakini kusema kweli ni ugomvi wangu wa siku nyingi. Vitabu vikongwe tunavyoviheshimu mimi navipenda nusu nusu, na nimetaka kujua hiyo nusu nyingine inakwama wapi.

Tuanze na tarehe. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi 1930. Shule zilihitaji vitabu. Vilivyopatikana upesi vilikuwa tafsiri, na tafsiri zenyewe nyingi zilikuwa za safari na maajabu: Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina mwaka 1929, Safari za Gulliver 1932, Elisi katika Nchi ya Ajabu 1940. Weka na Alfu Lela Ulela juu yake. Mtoto wa shule wa Tanganyika alikutana na majitu na mapango ya almasi kabla hajapewa riwaya hata moja ya Kiswahili inayomhusu mkulima wa kahawa wa Bugufi.

Mashimo niliyasoma nikiwa kidato cha pili, Biharamulo, nakala isiyo na jalada, kwa tochi, siku mbili. Sitadanganya: nilifurahi mno. Hasira ilikuja baadaye, na haijaisha. Haggard alikichapisha kitabu hicho kwa Kiingereza 1885, na ndani yake nchi ya ajabu ni bara la Afrika lenyewe. Sisi ndio njozi. Wazungu watatu wanatabiri kupatwa, wenyeji wanatetemeka, hadithi inasonga mbele. Halafu kuna Gagula, kikongwe ajuaye siri za kale, ambaye msomaji anatakiwa amchukie tangu anapotokea. Kwetu mwanamke mzee ajuaye mambo ya kale huletewa kigoda. Sasa mimi nifanye nini? Ninamsoma Gagula na ninamtafutia kigoda, huku nikitamani kujua kama mashujaa watatoka pangoni. Wenzangu darasani huniambia nichague moja. Sioni kwa nini.

Anayekuja baadaye ni Shaaban Robert (1909–1962), na hapa lazima niende taratibu maana nagusa nguzo ya nyumba. Adili na Nduguze (1952) inadaiwa waziwazi na Alfu Lela Ulela: mtu mwema anayelazimika kuwachapa nyani wawili kila usiku, na nyani hao ni ndugu zake. Picha hiyo moja naiona bora kuliko mafundisho yote yaliyoizunguka. Kusadikika (1951) ni nchi iliyo angani, nje ya ramani yoyote, na humo Karama anashitakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu sheria. Wahakiki wengi wameisoma kama fumbo la utawala wa kikoloni, nami nakubali. Lakini tukikubali hivyo tunakubali pia jambo la pili, ambalo hatulisemi: njozi ya Kusadikika ni kificho. Imewekwa pale ili mtu aseme bila kukamatwa. Nchi ipo angani kwa sababu chini kulikuwa na Mkuu wa Wilaya.

Kwa hiyo ndiyo maana, nadhani, ninapoisoma leo naiheshimu kuliko ninavyoipenda. Majina yenyewe yanakupa ufunguo mlangoni. Ukishajua kwamba Majivuno ni majivuno, umeshafika, na kurasa zilizobaki ni kuthibitisha. Mwalimu akiniuliza kama riwaya hii ni muhimu nitajibu ndiyo, na ninamaanisha. Akiniuliza kama imewahi kunikosesha usingizi, hapo nitaomba muda.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 upepo uligeuka. Uhakiki wa miaka ya sabini ulidai uhalisia, matabaka, ukombozi, na njozi ikaonekana ni kasumba, au ujana wa fasihi ambao umepita. Kwetu upepo huo ulifika kwa njia nyingine kabisa. Mkoa ulikuwa ukiitwa Ziwa Magharibi hadi 1979, na ulikuwa mmojawapo wa mikoa minne ya kanda ya ziwa iliyoingizwa katika mradi wa majaribio wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO kuanzia 1968. Vitabu vya kisomo hicho vilihusu pamba, ndizi, ng'ombe, uvuvi, matunzo ya nyumba. Babu yangu alijifunza kusoma ukubwani, katika mambo ya shamba. Silidharau jambo hilo hata kidogo. Aliweza kusoma karatasi ya mauzo ya kahawa yake bila kumwita mtu. Ila angalia lilivyokuwa: maajabu aliyokuwa nayo kichwani na maandishi aliyopewa mkononi havikuwahi kukutana.

Na maajabu alikuwa nayo. Watawala wa Kihinda wa Rusubi, yaani huko huko Biharamulo, walihesabu nasaba yao hadi kwa Ruhinda, ambaye masimulizi humwita mwana wa Wamara. Huyo Wamara, katika masimulizi ya Wahaya jirani zetu, alishuka na wenzake hadi kuzimu kwa Kintu, akapewa mifugo na mbegu, akarudi juu, akasahau kurudisha shukrani. Kintu akamtuma Rufu, Kifo, awafuate. Ndugu msomaji, tazama jinsi njozi hii isivyomficha mtu yeyote. Haina waziri wa kikoloni nyuma ya pazia. Inaeleza kwa nini tunakufa, na inaeleza kwa ukali: kwa sababu ya deni. Walioisimulia hawakuiona kuwa njozi. Ilikuwa habari ya wakubwa wao, yenye ukoo na mipaka ya ardhi ndani yake.

Sisi chuoni tumeiweka wapi? Katika kozi ya fasihi simulizi, chini ya visasili, na mtihani wake ni wa kutaja sifa. Tumefundishwa pia kwamba hadithi huanza kwa "paukwa, pakawa". Kwetu Ngara sijamsikia mtu akisema hivyo nje ya darasa.

Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe 1944 na kufariki 2020, alianza upande wa uhalisia. Rosa Mistika (1971) ilizuiwa mashuleni kwa jinsi ilivyokuwa karibu na ukweli. Kisha mwaka 1985 akamaliza shahada ya uzamivu huko Wisconsin, Marekani, juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi, na miaka michache baadaye tukapata Nagona (1990) na Mzingile (1991). Vitabu vyembamba, vigumu kama jiwe. Wahakiki wengi wamekimbilia kutafuta ndani yake wanafalsafa wa Ulaya, nao wapo, sibishi. Ninachosema ni kwamba huko hakuna ufunguo mlangoni. Mzee Kakulu huwezi kumgeuza kuwa neno moja la maadili. Unatembea naye tu katika nchi iliyoharibika, na ajabu haiombi radhi kwa kuwa ajabu. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njozi ya kuishi, na iko karibu na Wamara kuliko ilivyo karibu na Kusadikika. Waliofuata, kama William Mkufya kwa Ziraili na Zirani (1999) na Kyallo Wamitila kwa Bina-Adamu! (2002), walikuta mlango umeshafunguliwa.

Kuna mwenzangu mmoja kutoka Dar es Salaam aliyeniambia Mzingile "imekwenda mbali mno na uhalisi". Nilimjibu kwa historia ya nyumbani. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, wakapanga juu ya vilima vya Ngara. Kambi ya Benaco, iliyopata jina kwa kampuni ya Kiitaliano iliyokuwa imejenga barabara hapo, ikawa ghafla kubwa kuliko miji mingi ya nchi hii. Miti ya pande zote ikaishia jikoni. Desemba 1996 wakarudishwa, na vilima vikabaki vitupu. Mama alikuwa darasa la tano. Hatumii takwimu, husema jana yake kilima kilikuwa majani, asubuhi kilikuwa moshi, na kwamba ukimsimulia mtu wa mbali atasema unatunga.

Sasa mtu aliyekulia katika masimulizi hayo akifungua Mzingile, akute nchi tupu na mzee mmoja, haoni kwamba mwandishi amekwenda mbali. Anaona mahali. Na akirudi Kusadikika, yenye baraza, hotuba na haki inayoshinda mwishoni, hiyo ndiyo inayomwia vigumu kuamini. Kipimo cha uhalisi tunachokitumia darasani kilikatwa mahali ambapo mambo hutokea kwa utaratibu. Tulikiazima bila kukijaribu kwenye vilima vyetu.

Tasnifu yangu ya mwaka wa tatu nimeipa jina la muda "Deni katika Mzingile". Mwalimu anayenisimamia anataka niweke sura nzima ya Shaaban Robert, na ana haki. Nitaiandika kwa heshima. Ile ya Haggard nimeiweka kando kwanza, maana kila nikiifungua ili kunukuu makosa yake najikuta nimesoma kurasa ishirini.