Gari la Nini?

Tangu utotoni, nikisikia "gari la mafuta" nilijua linalotajwa ni lori la tangi refu, lile linalotoka bandarini Dar es Salaam likishika barabara ya Morogoro kwenda Tunduma. Juzi muuzaji mmoja alinitumia picha ya kigari kidogo cha Kijapani, chini yake kaandika: "Hili ni gari la mafuta, si la umeme." Nilikaa na sentensi hiyo siku nzima. Kwa miaka yote hii hatukuwa na haja ya kusema gari linakunywa nini. Leo tuna haja, na neno tulilolikimbilia lina mwenyewe.

Kisa chote kimo katika hicho kisilabi "la". Neno gari tulilipata kutoka Bara Hindi, nalo huko lilikuwa mkokoteni kabla dunia haijaijua injini. Ndiyo maana Kiswahili kililiongezea kinacholivuta: gari la ng'ombe, gari la farasi, gari la moshi. Lakini "la" hiyohiyo hutaja na shehena. Gari la maji limebeba maji, gari la taka limebeba taka, gari la wagonjwa tunalipisha njia. Ukisema gari la ng'ombe, mwenye shamba ataona maksai wawili na nira, na mkazi wa jirani na mnada wa Pugu ataona lori lenye pembe zinazochungulia juu ya mbao. Wote wawili wamekusikia sawasawa.

Kwa hiyo wanaotaka tubuni istilahi mpya ya gari la umeme siungani nao. Jina hilo limefuata njia ya gari la farasi na gari la moshi, na limekaa vizuri mdomoni. Linalohitaji msaada ni lile jina kuukuu, gari la mafuta. Mimi nasema gari la petroli, gari la dizeli, na lori la tangi naliachia jina lake.

Kuna neno moja ninalolionea uchungu kwa kusahauliwa: motokaa. Wazee wetu walilichukua kwa Waingereza, wakalitamka Kiswahili likawa letu. Sikio la Mswahili likalipokea kwa namna yake, likasikia ndani yake moto na kaa, kaa la moto. Sikio halikukosea. Injini ya petroli ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, cheche huwasha mafuta mara 6,000 katika dakika hiyo. Hilo ni tanuri linalotembea. Gari la umeme halina tanuri, lina mota, na mota ndiyo hasa iliyokuwa kichwani mwa neno lile tangu mwanzo. Na moto je? Muulize fundi umeme yeyote: waya wenye umeme yeye huuita waya wa moto. Chini ya gari hilo zimepita nyaya za rangi ya chungwa zenye mamia ya volti, za moto kwelikweli. Kama kuna chombo kinachostahili kurudishiwa jina la motokaa, ni hiki.

Nikija kwenye gari la kifahari, hapo nina ugomvi. Gari la farasi linataja kinacholivuta, gari la maji linataja kilichomo. Gari la kifahari linataja hali ya jirani akilitazama. Fahari iko kwa mwenye gari na machoni pa watu. Kuhusu bati, mpira na mafuta ya breki haisemi hata neno. Baada ya uhuru, watu wa Afrika Mashariki waliwaona wakubwa wao wapya ndani ya Mercedes-Benz wakawaita Wabenzi, wakawaweka katika ngeli moja na Wahehe na Wachaga. Lilikuwa neno la haki, lililosema jambo zito kwa silabi tatu. Ila lilimsema abiria. Gari lenyewe halikusemwa, na lilikuwa na ya kusemwa: mwaka 1978 Mercedes-Benz na Bosch walileta katika gari la daraja la S breki za kielektroniki zisizoruhusu magurudumu kujifunga. Leo breki hizo zimo hata katika vigari tunavyonunua vikiwa vimeshatumika Japani, na kwenye lami iliyolowa zimewarudisha watu nyumbani. Hiyo ndiyo faida ya gari la bei kubwa ninayoijali mimi, na "kifahari" inaifunika.

"Shangingi" silipendi kabisa. Lilikuwa tusi la mwanamke anayejionyesha, kisha likabandikwa Land Cruiser ya kigogo. Linamtukana mwanamke bure na linalionea gari. Sikiliza watu wanaoliendesha gari hilo kikazi wanaliitaje: mkonga. Ni ile Land Cruiser ngumu, toleo lililoanza mwaka 1984, yenye bomba la hewa lililopanda ubavuni hadi usawa wa paa ili injini ivute pumzi juu ya maji na vumbi. Aliyeliita mkonga alimwona tembo akivuka mto. Kwa neno moja umeelewa bomba lile ni la nini, na hata asiyewahi kufungua boneti ameelewa.

Majina mazuri yamekwenda kwa magari ya kila siku, na ni haki yao. Haisi ndogo ya daladala ikawa kipanya, kwa namna inavyopenya. Gari dogo la abiria linalojaza watu haraka na kutimka likawa mchomoko. Toyota IST hatukuipa jina, tuliipa umri kwa herufi ya kibao chake cha namba: "namba D", "namba E", na kila mtu anajua imeingia nchini lini. Hakuna anayesema "gari langu la kawaida". Husema gari ya kutembelea, na hapo sarufi inateleza kidogo, lakini maana imekaa: gari la mguu wangu.

La umeme bado linatafuta vitenzi. "Kanyaga mafuta" itabaki, nadhani, kama usukani ulivyobaki baada ya kuhama kutoka jahazini. Gari lenye injini na mota pamoja mafundi huliita haibridi, wakati wakulima wana "mbegu chotara" siku nyingi. Ningependa kusikia gari chotara. Shida ni pale mlimani. Kila dereva wa mteremko wa Kitonga amefundishwa kushuka kwa gia ileile anayopandia, injini izuie gari. Gari la umeme likishuka, mota hugeuka jenereta: magurudumu huizungusha, nayo inazuia mwendo huku ikirudisha chaji kwenye betri. Umetumia kupanda, unalipwa kushuka. Kitendo kizuri hivyo hakina neno. "Breki rejeshi" ni sahihi, lakini sijamsikia dereva akiitamka, na asipoitamka dereva itabaki karatasini.

Wiki iliyopita nilikuwa gereji, Gerezani. Kigari cheupe cha umeme kilikuwa kinarudi nyuma taratibu kati ya injini zilizofunguliwa, bila mngurumo, na fundi mmoja alikuwa ameinama amekipa mgongo. Kijana anayeshika spana akapiga kelele: "Kaka, pisha, bubu huyo nyuma yako!" Fundi akaruka pembeni. Hakuuliza bubu ni nani.