Jicho Hutiwa Mwisho

Mwaka 1840, katika mji wa St. Gallen nchini Uswisi, mchoraji Johann Baptist Isenring alionyesha hadharani picha za watu zilizopigwa kwa mbinu ya Daguerre, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Bamba la shaba lililopakwa fedha lilitaka dakika kadhaa za jua kali, na hakuna binadamu awezaye kukaa juani muda huo wote bila kupepesa. Uso ulitoka, vazi likatoka, mahali pa macho pakabaki ukungu. Isenring akachukua ncha kali akazikwaruza mboni juu ya bamba lenyewe. Jicho, basi, ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kabisa kurekebishwa katika picha ya mtu, na lilirekebishwa kwa sababu lilikuwa limepotea.

Naanza hapo kwa sababu mjadala wetu kuhusu picha zilizorembwa hukwama haraka kwenye swali moja: hii ni ya kweli au ya uongo? Jicho la Isenring halijibiki hivyo. Kilichokwaruzwa na mkono ndicho kilichomrudishia mtu uso wake, na kilichoachwa na mwanga peke yake ndicho kilichompotosha. Nikizisoma mila mbalimbali za kutengeneza sura ya mtu, naona zinauliza jambo jingine: nani ana ruhusa ya kugusa jicho na mdomo wa mwenzake, wakati gani, na kwa adabu ipi?

Midomo nayo ilikuwa na masaibu yake. Mabamba ya kolodioni, yaliyotawala studio kuanzia miaka ya 1850, yaliona mwanga wa buluu na kuwa kipofu kwa nyekundu. Mdomo mwekundu ulitoka mweusi, na jicho la buluu likatoka jeupe. Mwaka 1873 Hermann Vogel wa Berlin aligundua kwamba rangi fulani za kemikali zikitiwa kwenye bamba hulifanya lione zaidi ya buluu, lakini mabamba yanayoona rangi zote yalianza kuuzwa mwaka 1906. Kwa nusu karne nzima, fundi aliyepaka wekundu kidogo mdomoni alikuwa akilipa deni la kemia.

Hivyo ndivyo ninavyozitazama picha za Yokohama, Japani. Mpiga picha Felice Beato alifika huko mwaka 1863, na katika studio yake mafundi wa Kijapani walitia rangi za maji kwa mkono, picha moja baada ya nyingine. Kusakabe Kimbei, aliyewahi kufanya kazi hiyo, baadaye alifungua studio yake mwenyewe. Mafundi hao walitoka katika nchi iliyozoea kuchapa picha za rangi kwa vibao vya mbao, na walijua mdomo wa mwanamke aliyejipamba unavyopakwa beni, rangi yao ya midomo: mdogo, mwekundu, wenye mipaka. Waliutia hivyohivyo. Wanunuzi wengi walikuwa wasafiri wa Kizungu waliotaka kumbukumbu ya nchi ya mbali, na hilo liliingiza uigizaji mwingi katika picha hizo. Hata hivyo, mkono uliopaka mdomo ulijua mdomo.

Tukirudi nyuma zaidi, kabla ya kamera, tunakuta tahadhari kubwa ajabu kuhusu jicho. Gu Kaizhi, mchoraji wa China wa karne ya 4, anasimuliwa kuwa alikuwa akimaliza kumchora mtu kisha akiacha macho bila mboni, wakati mwingine kwa miaka. Alipoulizwa, alieleza kwamba uzuri au ubaya wa viungo vingine si kitu. Roho ya mtu hupitia pale machoni. Nchini Sri Lanka, Ananda Coomaraswamy aliandika mwaka 1908 kuhusu sherehe ya netra mangalya, ya kuitia macho sanamu ya Buddha. Fundi hamtazami Buddha usoni anapoyachora. Huipa sanamu mgongo, hushika kioo, na kuipeleka brashi akitazama taswira kiooni. Watu hawaruhusiwi kushuhudia. Akimaliza hufunikwa macho na kutolewa nje, na cha kwanza kukiona hupigwa kwa upanga, ili nguvu ya lile tazamo la kwanza iishie hapo.

Wote wawili huliacha jicho mpaka mwisho, ila kwa sababu mbili zilizo mbali. Gu Kaizhi anasubiri kwa sababu bado hajamjua vya kutosha yule anayemchora. Fundi wa Sri Lanka anajikinga kwa sababu anajua hasa anachokaribia kukiamsha. Wa kwanza anaogopa kukosea, wa pili anaogopa kufaulu. Mafundisho ya picha za leo yangefaidika sana kama yangeanza na hofu mojawapo kati ya hizo.

Misri ya kale iliupa mdomo nafasi ya kwanza. Katika ibada ya Kufungua Kinywa, kuhani aliigusa sanamu au maiti iliyokaushwa kwa vifaa maalumu, kimojawapo tezo, kwenye mdomo na machoni, ili marehemu aweze kula, kunena na kuona. Miaka mingi baadaye, katika karne tatu za kwanza baada ya Kristo, wachoraji wa eneo la Fayum walipaka sura za marehemu kwenye vibao vilivyofungwa juu ya maiti. Macho yao ni makubwa kuliko ya kawaida, na ndani ya mboni kuna nukta nyeupe ya mwanga. Nukta hiyohiyo ndiyo fundi wa leo huibandika kwa kompyuta akisema anaupa uso uhai. Ukubwa wa macho ya Fayum haunisumbui. Kila uso una pua yake, makunyanzi yake, ndevu zake. Hakuna anayeweza kuuchukua mmoja kwa mwingine.

Julia Margaret Cameron ninamweka peke yake. Mwingereza huyo aliyeanza kupiga picha akikaribia umri wa miaka 50 aliacha michirizi na vumbi katika picha zake, na macho ya watu wake mara nyingi yamefifia kidogo kwa kuwa walijongea wakati lenzi i wazi. Wahakiki wa zama zake walimlaumu kwa uzembe wa kiufundi, na sikubaliani nao hata chembe. Jicho lililojongea ni jicho la mtu anayepumua.

Pwani yetu ina hoja yake, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Waislamu wanaijua hadithi ya Mtume inayosema kwamba watengenezaji wa sura wataambiwa Siku ya Kiyama wavitie roho walivyoviumba. Kamera ilipoenea, wanazuoni walipaswa kuamua kama hukumu hiyo inaigusa. Shekhe Muhammad Bakhit al-Mutii, Mufti wa Misri kuanzia 1914 hadi 1920, aliruhusu picha za kamera kwa hoja kwamba mpiga picha haumbi kitu. Anakizuia tu kivuli cha kile ambacho Mungu amekwisha kukiumba. Wengine walimpinga, na wangali wapo wanaompinga. Mimi si mtoa fatwa. Lakini ukiishika hoja hiyo kwa uzito wake, inachora mpaka ulio wazi kuliko kanuni nyingi za magazeti: kurudisha kilichopotea njiani ni kukitunza kivuli, na kuongeza mng'aro ambao mboni haikuwa nao ni kurudi kwenye uchoraji. Isenring yuko wapi hapo? Alichora, bila shaka, lakini alichora jicho ambalo Mungu alikwisha kuliweka pale. Nadhani mpaka unampita katikati.

Studio za pwani zilifanya kazi zikiwa zimezungukwa na mawazo ya namna hiyo. Zanzibar ilikuwa na studio ya A. C. Gomes, familia yenye asili ya Goa, tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio. Mombasa ilimjua N. V. Parekh. Wengi wa mafundi hawa walikuwa na asili ya India, nchi ambako wapo wachoraji walioifunika picha nzima kwa rangi nzito, vazi, zulia na pazia, wakauacha uso pekee uonekane kama ulivyotoka kwenye kamera. Na mwanamke wa pwani alipoingia studio alikuwa amekwisha kujitia wanja nyumbani, na kabla ya rangi ya mdomo kuenea madukani, tambuu ilikuwa imeshaipa midomo wekundu wake. Urembo ulitangulia lenzi, na mwenye uso ndiye aliyeufanya. Tofauti hii naiona kubwa. Wanja wa bibi ni uamuzi wake kuhusu sura yake. Penseli ya fundi ni uamuzi wa mwingine.

Penseli hiyo nayo ilikuwa na mipaka ya kimaumbile. Negativu ilipakwa vanishi, ikawekwa juu ya meza yenye mwanga kwa chini, na fundi akatia vinukta kwa ncha ndefu iliyochongwa vizuri. Risasi ya penseli huzuia mwanga, kwa hiyo palipotiwa vinukta hutoka peupe zaidi kwenye karatasi: weusi wa chini ya macho hupungua, mikunjo ya pembeni mwa mdomo hujaa. Kazi ilikuwa ya polepole. Fundi aliutazama uso mmoja kwa muda mrefu, na sidhani inawezekana kuutazama uso hivyo bila kuanza kuujua.

Kipimo bora nilichokikuta ni cha Wayoruba. Robert Farris Thompson, mtafiti wa Marekani, aliwahoji wajuzi wa sanamu wa Kiyoruba kuhusu kinachoifanya kazi iwe nzuri, wakamtajia jijora: sanamu ifanane na mtu kwa kiasi, isiwe nakala yake tupu wala isimpoteze. Mzee huchongwa katika umri wa nguvu zake. Mwaka 1978 Stephen Sprague alionyesha kwamba wapiga picha wa Kiyoruba walifuata vipimo hivyohivyo. Aliandika pia juu ya mapacha: mmoja akifa kabla hawajapigwa picha pamoja, fundi humpiga aliyebaki na kuichapa sura yake mara mbili, wakae ubavu kwa ubavu. Mdomo wa aliye hai unamsemea aliyeondoka. Kwa kipimo cha kweli na uongo picha hiyo haina pa kusimama, lakini kwa jijora inasimama wima.

Ngozi nyeusi inaongeza sura nyingine katika suala hili. Lorna Roth, mtafiti wa Kanada, ameeleza jinsi maabara za picha za rangi zilivyopima rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke Mzungu, na jinsi malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao yalivyochangia kuiboresha filamu. Katika picha nyingi za darasa au za harusi zenye watu weusi, kilichobaki wazi ni weupe wa macho na meno, na mipaka ya midomo ikazama usoni. Fundi aliyeinua mwanga kidogo kwenye papi za midomo ya mteja wake alikuwa akifanya kazi ya Isenring.

Ndiyo maana siwezi kuzilaani programu za leo kwa sababu tu zinarekebisha. Lawama yangu ni ya mpangilio. Purikura, vibanda vya picha vilivyoanza Japani mwaka 1995, baadaye vilijifunza kupanua macho vyenyewe. Meitu, kampuni iliyoanzishwa Xiamen mwaka 2008, iliufikisha mtindo huo kwenye simu za mamilioni. Siku hizi simu nyingine humtolea mtu picha iliyokwisha kulainishwa bila yeye kuomba. Jicho, ambalo Gu Kaizhi aliliacha mwisho, linaguswa kwanza, tena kwa kipimo kilichoandaliwa kabla mtu hajakaa mbele ya kamera. Fayum iliyakuza macho ya kila mtu ikamwacha na uso wake. Hapa macho, midomo na taya vinasogezwa pamoja kuelekea uso mmoja usio wa mtu yeyote.

Sheria nazo mara nyingi zinatazama kwingine. Ufaransa, tangu Oktoba 2017, inadai picha za matangazo ziandikwe kuwa zimerekebishwa pale mwili wa mwanamitindo unapokondeshwa au kunenepeshwa. Macho na midomo hayamo katika agizo hilo. Sheria ya namna hiyo isingenitosheleza hata kama ingevitaja, maana lebo haimrudishii mtu mdomo wake. Ninachokitaka kwa watengenezaji wa programu ni kidogo na kinawezekana kesho: kamera itoke kiwandani ikiwa imezimwa marekebisho yote ya uso, na anayeyawasha achague kiungo kimoja baada ya kingine, jicho likiwa la mwisho kwenye orodha.