Babangu Hakuwahi Kuwa na Mwavuli

Usiku wa juzi, kama jirani angechungulia dirishani kwangu angedhani nimechizi. Nilikuwa nimelala kifudifudi sakafuni, tochi ya simu mkononi, nikitafuta indiketa ya pikipiki. Indiketa yenyewe ni ndogo kama punje ya mchele. Niliipata saa saba usiku chini ya mtungi wa gesi, na manze, nilifurahi kama mtu aliyeokota elfu moja.

Iko hivi. Kwa miezi minne nimekuwa nikijenga modeli ya pikipiki. Sio ile ya kununua ikiwa tayari. Hii unapewa boksi, ndani kuna fremu za plastiki zimeshika vipande vidogo vidogo, unakata kimoja kimoja, unalainisha na msasa, unaunganisha ukifuata mchoro. Yangu ni Honda Super Cub ya kipimo cha 1/12, yaani kila kitu kimepunguzwa mara kumi na mbili. Mtu wa sentimita 180 hapo anakuwa wa sentimita 15. Binamu yangu aliniletea kutoka Doha na mpaka leo sijui ni nini kilimfanya anifikirie mimi.

Sasa shida ni kwamba sikutaka Super Cub. Nilitaka kuigeuza iwe Boxer. Na sio Boxer yoyote tu. Boxer ya babangu, ile iliyonilipia karo shule ya msingi yote, ikauzwa Januari 2017 ndio mimi niingie Form One. Pikipiki ilifanya kazi miaka minane na hatuna picha yake hata moja.

Nitafika kwa mzee. Lakini kwanza wacha niwapeleke Japani, kwa sababu nilipoanza kusoma hili boksi limetoka wapi, nilijikuta nafikiria Bungoma.

Kuna mkoa unaitwa Shizuoka. Ukifuatilia modeli za plastiki unafika huko utake usitake: Tamiya ni wa huko, Aoshima ni wa huko, Fujimi ni wa huko, Hasegawa pia. Tamiya walianza mwaka wa 1946, na hawakuanza na plastiki. Walianza kama kampuni ya mbao. Vita vilikuwa vimeisha, watu wanajenga upya, wao wanapasua na kuuza mbao. Kwa sababu mbao zilikuwepo, mwaka uliofuata wakaanza kuchonga meli na ndege ndogo. Mwaka wa 1953 wakaacha biashara ya mbao za ujenzi kabisa wakabaki na modeli.

Halafu plastiki ikaingia kutoka ng'ambo na modeli ya mbao ikaanza kuonekana ya kizamani. Tamiya wakajaribu bahati yao mwaka wa 1960 na manowari ya Yamato, bei yen 350. Mshindani wao naye akatoa Yamato hiyo hiyo kwa yen 250. Unajua iliishaje. Waliumia vibaya, wakarudi kwa mbao kwa muda. Kilichowaokoa ni kifaru cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 60, kilichokuwa na mota na kilitembea chenyewe. Kipimo chake cha 1/35, ambacho leo watu wa modeli za kijeshi wanakichukulia kama sheria, kilitokana na ukubwa uliohitajika ndio betri na mota zitoshee ndani. Sheria ya dunia nzima, kumbe ni betri.

Sasa shika hapo, 1946. Mwaka huo huo, katika mkoa huo huo wa Shizuoka, mji wa Hamamatsu, kulikuwa na fundi anaitwa Soichiro Honda. Jeshi lilikuwa limeacha vijinjini vidogo vya jenereta, vya kuwashia redio za mawasiliano. Honda akavichukua, akavifunga kwenye baiskeli. Hakuna mafuta, hakuna usafiri, watu wanahitaji kufika sokoni. Baiskeli yenye injini. Hapo ndipo Honda ilipoanzia.

Na mwaka wa 1958 wakatoa Super Cub. Injini cc 49, magurudumu ya inchi 17. Mwenzake Honda, Takeo Fujisawa, alitaka pikipiki ambayo kijana wa kupeleka tambi za soba angeweza kuendesha kwa mkono mmoja, mkono mwingine umebeba chakula. Soma hiyo tena. Pikipiki hii haikubuniwa kwa ajili ya bingwa wa mbio. Ilibuniwa kwa ajili ya mtu wa delivari. Kufikia 2017 walikuwa wametengeneza milioni 100.

Kwa hivyo ninapokaa na Super Cub ndogo mezani, nimeshika boda ya kwao. Na kuna mtu Shizuoka aliyeketi chini akasema: hii pikipiki ya kubeba tambi inastahili kupimwa, kila skrubu, na kuwekwa kwa boksi karibu na zile za mabingwa. Hilo ndilo lilinigusa. Kwa sababu modeli sio mchezo tu. Modeli ni kura. Mtu anapiga kura kwamba hiki chombo kisisahaulike.

Kuna mwingine lazima niwaambie, Muitaliano, Tarquinio Provini. Huyu alikuwa bingwa wa dunia mara mbili, 1957 kwa pikipiki za 125cc na 1958 kwa za 250cc. Mwaka wa 1966, kwenye kisiwa cha Isle of Man, akaanguka vibaya akaumia mgongo. Mbio zikaishia hapo. Akamakinika na kampuni yake ya modeli, Protar, jina lililotoka kwa jina lake mwenyewe: Pro ya Provini, Tar ya Tarquinio. Walitoa pikipiki za kipimo cha 1/9, na kati yake zile za mbio za enzi zake. Watu wanazitafuta mpaka leo. Nikifikiria, ni nani angejua vizuri zaidi kebo ya klachi inapita wapi kuliko mtu aliyeishika kwa kasi ile?

Mgongo wa Provini mkumbuke. Tutarudi.

Sasa turudi nyumbani. Boda boda haikuanza na injini. Ilianza na baiskeli kule Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, zikibeba watu na mizigo kutoka kituo cha mpaka cha upande huu hadi cha upande ule. Neno la Kiingereza la mpaka ni border, na kwa midomo ya wenye baiskeli border ikawa boda. Miaka mingi ilikuwa miguu tu, na mto wa sponji umefungwa kwenye keria. Halafu karibu mwaka wa 2008 serikali ikaondoa kodi kwa pikipiki za chini ya cc 250, na ndani ya muda mfupi kila steji ikabadilika. Baiskeli, halafu injini. Hamamatsu 1946, Bungoma 2008. Shida ni ileile, jibu ni lilelile.

Tofauti ni moja. Wao waliweka kumbukumbu. Sisi tunayo makumbusho ya reli Nairobi tangu 1971, na ni poa, nendeni. Garimoshi lina nyumba yake. Lakini niambie, boda iko wapi? Hii kitu imebeba wagonjwa, vitanda, kuku, mitihani, maiti na mabibi harusi. Nimetafuta boksi la Boxer yenye kiti kirefu, keria na gadi za kukinga miguu. Sijalipata. Na sasa za umeme zimeanza kuingia steji. Sina kinyongo nazo. Nasema tu, hizi za petroli zitaisha moja moja, zitakatwakatwa ziuzwe kilo kama chuma chakavu, na hatutakuwa na hata mchoro.

Ndio nikachukua msumeno.

Super Cub na Boxer zinafanana kidogo sana, lakini zote zina rimu za inchi 17. Ukigawanya kwa kumi na mbili unapata kama milimita 36. Magurudumu nikayaacha. Mengine, mateso matupu. Cub haina tangi katikati ya magoti, na silinda yake imelala. Ya Boxer imesimama. Nikakata silinda, nikaisimamisha na gundi, ikaanguka, nikaisimamisha tena. Fremu nikaipinda kwa waya wa shaba uliotoka kwenye nyaya za umeme. Keria ni vibanio vya karatasi. Tangi nilijaribu plastiki nikashindwa, mwishowe nikachonga kipande cha mbao ya saipresi, yaani nikarudi pale pale Tamiya walipoanzia. Nilichonga matatu kabla ya moja kukubali.

Kiti nikakata kwenye soli ya sandali kuukuu. Hapo ndio nikakumbuka mzee huwa anatuambia vile yeye akiwa mtoto alikuwa anatengeneza gari la waya, magurudumu ya patipati. Wasee, watu wetu wamekuwa wakijenga modeli tangu zamani. Ni boksi tu hatukuwa nalo.

Rangi nyeusi nilipewa mabaki ya kopo la kupuliza na fundi mmoja wa jua kali. Ushauri wa bure: puliza kwa mbali, safu nyembamba nyembamba, ngoja ikauke. Mara ya kwanza nilikuwa na haraka, ikatiririka kama machozi, ikabidi nisugue yote nianze upya. Mwisho nikaweka mwavuli, ule wa boda wenye paa refu, nimeukata kwa pakiti ya maziwa. Ukatoka fiti sana. Ndio kitu nilijivunia kuliko vyote.

Aprili nikaibeba kwa boksi la viatu, kwa mapaja, basi usiku mzima mpaka Bungoma.

Mzee aliiweka mezani akainama kwa shida, kwa sababu mgongo wake pia ulibaki kwenye ile barabara. Miaka minane ya mashimo. Akavaa miwani. Akanyamaza sana. Halafu akaanza.

"Ekzosi iko sawa, ni kulia. Lakini hii keria ni fupi. Yangu niliongezwa na fundi wa Kanduyi, ndio kreti ya soda ikae."

"Sawa, Baba."

"Na kikanyagio cha kushoto kilikuwa kimepinda. Kwa nyuma, hivi."

"Kilipindwa na nini?"

Akamwangalia mama. Mama akaangalia sufuria.

"Tulianguka," mzee akasema. "Mimi na wewe. Ulikuwa na miaka mitano, nimekuketisha mbele kwa tangi. Mvua ilikuwa inanyesha na barabara ni sabuni tupu."

Niko na kovu kidevuni. Maisha yangu yote nimeambiwa nilianguka kutoka kwa mpera. Kumbe walikubaliana usiku huo wasimwambie nyanya, kwa sababu angejua, pikipiki ingeuzwa asubuhi yake, na kulikuwa na mkopo wa kulipa. Uongo wa mpera ukakaa miaka 17 mpaka kipande cha plastiki cha milimita nane kikautoa.

Sikujua niseme nini. Nikauliza tu kama kuna kitu kingine hakiko sawa.

Akagusa mwavuli kwa kidole.

"Hii toa. Mimi sikuwahi kuwa na mwavuli. Nilinyeshewa."

Hakusema kwa uchungu. Alisema vile mtu husema saa. Lakini mimi nilikuwa nimeweka ule mwavuli kwa sababu ndivyo boda inavyokaa kichwani mwangu, boda za sasa, zile mimi napanda nikiwa na haraka nikilalamika bei. Nilikuwa nimejenga kumbukumbu nzuri kuliko ukweli. Na kama mzee hangekuwa hai kunirekebisha, hiyo ndiyo ingebaki.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Huhitaji boksi kutoka ng'ambo. Waya upo, sandali kuukuu ipo, pakiti ya maziwa ipo. Chagua chombo kimoja kilicholisha nyumba yenu: boda, mkokoteni, cherehani, jiko la mandazi. Kipime. Kijenge kidogo. Halafu kipeleke kwa aliyekitumia na umuulize umekosea wapi. Ukimwambia mzazi akusimulie maisha yake atakuambia alikuwa anapata tabu na ndio basi. Ukimuonyesha keria fupi, atakuambia yote.

Mwavuli niliutoa hapo hapo mezani. Nikaenda nje nikachota udongo kidogo kando ya barabara, nikauchuja kwa kitambaa, nikauchanganya na maji na tone la gundi, nikaupaka kwa magurudumu na chini ya madigadi. Kikanyagio nikakipinda kwa nyuma. Keria nitaongeza wiki hii, nikipata vibanio vingine.

Iko juu ya televisheni nyumbani sasa. Mama anasema wageni wakiuliza, mzee huwa anaishika yeye mwenyewe na hakubali mtu mwingine aiguse.