Nani Aliwafungulia Kasuku wa London? Jimi Hendrix Amesingiziwa Miaka Yote Hii

Ukikatiza Hyde Park asubuhi ya Januari, baridi inauma masikio, miti imebaki matawi matupu, ghafla unasikia makelele juu ya kichwa. Ukiinua macho unakuta kundi la kasuku. Rangi ya kijani kibichi, mdomo mwekundu, mkia mrefu, wanabishana kama wako sokoni Lahore. Wenyeji wala hawashtuki tena. Uingereza inakadiriwa kuwa na jozi 12,000 hivi za kasuku hawa, wengi wao London na maeneo ya jirani.

Sasa nani aliwaleta? Hapo ndipo umbea unapoanza.

Stori ya kwanza inamtaja Jimi Hendrix. Eti mwishoni mwa miaka ya 1960, enzi zile anaishi Brook Street, Mayfair, alibeba kasuku wawili, dume na jike, akaenda kuwaachia Carnaby Street ili jiji lipate rangi kidogo. Stori tamu, na watu wameimeza kwa sababu inafanana naye. Mwanamuziki wa mavazi yale, kwa nini asifanye hivyo?

Stori ya pili ni ya filamu, na hii inatugusa kabisa. The African Queen, iliyotoka 1951 na kumpa Humphrey Bogart tuzo ya Oscar, ni hadithi ya Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914. Walipiga picha Congo na Uganda, kisha kazi nyingine wakaifanya studio za Isleworth, magharibi mwa London. Inadaiwa kasuku waliotumika pale walitoroka, wakazaana.

Stori ya tatu inasema dhoruba kubwa ya Oktoba 1987 ilivunja mabanda ya ndege, na waliokuwa ndani wakasepa.

Tatizo ni tarehe. Kasuku hawa waliandikwa kuonekana wakiwa huru Norfolk mwaka 1855. Hapo Hendrix hajazaliwa, na sinema yenyewe bado haijavumbuliwa.

Mwaka 2019 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London, waliamua kulimaliza hili suala. Walitumia mbinu ambayo polisi huitumia kumsaka mhalifu sugu: unaweka kwenye ramani kila sehemu tukio lilipotokea, kisha kompyuta inakisia mhusika anatokea wapi. Ni mbinu ile ile iliyotumika chuoni hapo mwaka 2016 kumfuatilia Banksy, yule mchoraji wa ukutani anayeficha sura yake. Safari hii wakaweka sehemu kasuku walipoonekana. Kama Hendrix au studio ndiyo chanzo, ramani ingeelekeza Carnaby Street au Isleworth. Haikuelekeza huko.

Wakageukia magazeti ya zamani, na hapo wakakuta kitu. Mwaka 1929 na 1930 kulizuka hofu ya homa ya kasuku, ugonjwa ambao binadamu huupata kutoka kwa ndege hao na unaweza kuua. Hofu hiyo ikarudi tena miaka ya 1950. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mama wa nyumbani wa wakati ule. Umesoma kwamba ndege uliye naye sebuleni anaweza kuua familia yako, lakini moyo wa kumnyonga huna. Unafungua dirisha. Kwa mtazamo wa watafiti, watu wa namna hiyo, wengi na wasio na majina, ndio wanaoelekea kuwa chanzo, pamoja na ndege waliotoroka wenyewe mmoja mmoja.

Na baridi je? Kasuku huyu anapatikana Afrika pia, kuanzia Senegal hadi Pembe ya Afrika. Lakini uchunguzi wa vinasaba uliotoka 2015 ulionyesha kwamba wa Ulaya asili yao zaidi ni Pakistan na kaskazini mwa India, ambako baridi ya milima wanaijua. Ongeza joto la jiji, na wazee wanaowatundikia karanga bustanini. Wakatulia.

Cha kushangaza, kile Hendrix alichosingiziwa kilitokea kweli Brussels. Mwaka 1974 mwenye bustani moja ya wanyama aliwaachia kasuku kama 40 hivi kwa sababu aliona jiji limepooza. Leo wako maelfu.

Kuna wanaoumia lakini. Kasuku hawa hutaga kwenye mashimo ya miti, na mapema kuliko ndege wengi wa huko. Pale Seville, Hispania, wamewashambulia na kuwaua popo wakubwa adimu na kuchukua mashimo yao, na idadi ya popo hao bustanini imeporomoka. Shelisheli hawakusubiri yafike huko. Waliwawinda mpaka wakaisha, ili kumlinda kasuku wao mweusi anayeishi Praslin.

Kwa hiyo huko Ulaya kila mara unaibuka mjadala wa kuwaua au kuwaacha, na wapo wanaowaita wavamizi. Kati ya 1984 na 2007 pekee, zaidi ya kasuku 146,000 wa aina hii waliingizwa Ulaya kuuzwa, mpaka Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku biashara ya ndege wa porini. Walikuja kwenye vizimba, kwa oda ya wateja.

Staa mmoja amebeba lawama miaka mingi. Waliolipa pesa wakachoka kufuga wamekaa kimya, na bili wameachiwa popo.

Wewe ungekuwa meya wa jiji lile, ungewaacha au ungewaondoa? Tiririka hapo chini.