Fahamu: Sheria za Mahusiano ya Jinsia Moja na Hifadhi ya Mkimbizi, Somo kutoka Mtabila

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

Kambi ya Mtabila wilayani Kasulu ilifungwa rasmi mwishoni mwa Desemba, 2012, baada ya zaidi ya Warundi 30,000 kurejeshwa kwao katika miezi ya mwisho ya mwaka huo. Kabla ya hapo wakimbizi walihojiwa, na takriban 2,700 kati yao wakabainika kuwa bado wanahitaji hifadhi, hivyo wakahamishiwa Nyarugusu.

Mahojiano hayo yalilenga swali moja: je, mhusika akirudi kwao atakuwa salama? Mojawapo ya sababu zinazotambuliwa kimataifa katika kujibu swali hilo, ingawa huzungumzwa kwa nadra, ni mwelekeo wa kijinsia wa mhusika.

Sheria ilibadilika wakimbizi wakiwa kambini

Wengi wa wakazi wa Mtabila waliikimbia Burundi katika miaka ya 1990. Wakati huo mahusiano ya jinsia moja hayakuwa kosa la jinai nchini humo. Mwezi Aprili, 2009 Burundi ilipitisha Kanuni mpya ya Adhabu, ambayo Ibara yake ya 567 iliweka kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2 pamoja na faini. Hivyo, mtu aliyekimbia vita angeweza kurejea na kukuta hatari nyingine ambayo haikuwapo alipoondoka.

Msingi wa hifadhi

Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, pamoja na Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998, humlinda mtu anayehofia kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, maoni ya kisiasa au kuwa katika kundi fulani la kijamii. Oktoba, 2012 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitoa mwongozo unaoeleza kuwa mwelekeo wa kijinsia unaweza kuangukia katika msingi huo wa mwisho. Mwongozo unasisitiza mahojiano ya faragha, utunzaji wa siri na kutomdhalilisha mwombaji.

Hali ilivyo Tanzania na kwa majirani

Nchini Tanzania, Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinaadhibu kujamiiana kinyume cha maumbile kwa kifungo kisichopungua miaka 30, hadi cha maisha. Zanzibar ina sheria yake ya adhabu.

Uganda ilipitisha sheria kali zaidi mwaka 2023, yenye adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Kenya inaadhibu vitendo hivyo, ingawa Februari, 2023 Mahakama ya Juu iliamua kuwa watu wa kundi hilo wana haki ya kusajili chama. Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hazina kifungu cha aina hiyo. Msumbiji ilikiondoa mwaka 2015, na Afrika Kusini inaruhusu ndoa hizo tangu mwaka 2006. Duniani, zaidi ya nchi 60 bado zinayahesabu mahusiano hayo kuwa kosa.

Wajibu wa mwananchi

Ibara ya 13 ya Katiba inaagiza kuwa mtu asitendewe kama mkosaji kabla ya kuthibitika mahakamani, na inakataza mateso na adhabu za kudhalilisha. Ibara ya 16 inalinda faragha ya kila mtu. Kwa hiyo, tuhuma au uvumi havimpi mwananchi yeyote mamlaka ya kumpiga mtu, kumfukuza kwenye makazi yake wala kumtangaza hadharani.

Novemba, 2018, kufuatia kauli za kiongozi mmoja wa mkoa, Wizara ya Mambo ya Nje ilieleza kuwa kauli hizo zilikuwa maoni binafsi na kwamba Serikali itaendelea kuheshimu mikataba ya haki za binadamu iliyoiridhia.

Mkimbizi mwenye hofu ya kurejea kwao anapaswa kuieleza kwa maafisa wa hifadhi kambini kabla ya kujiandikisha kurudi. Hofu isiyosemwa haiwezi kupimwa, na safari ya kurejea ikishafanyika ni vigumu kuitengua.