Kufunga Breki

Katika karakana za magari, dereva akanyagapo pedali husemwa amefunga breki, na fundi aliyelala chini ya gari, akiuunganisha mrija wa mafuta baina ya silinda kuu na gurudumu, naye husemwa anafunga breki, wala hapana anayetatizika. Mrija huo ukiwa wa chuma cha pua kisichoshika kutu, kilicho kigumu kuliko cha kawaida, taabu huzidi: sharti aukunje kwa mapindo mapana yasiyoubonyeza, aupitishe mbali na eksozi, aubane kwenye bodi usije ukatetemeka na kulika, na karibu na gurudumu, lipandalo na kushuka daima, auunganishe na hosi inyumbukayo. Nati huvishwa kwanza, ndipo mdomo wa mrija utanuliwe. Aliyeisahau (nao si haba) hukata ncha akaanza upya. Mwisho hutolewa upepo, kwani hewa hubonyea, mafuta hayabonyei. Wako waandishi wanaotaka fundi huyu aseme anasakinisha breki; kwa rai yangu, neno hilo, ambalo sina ugomvi nalo, liachiwe programu za kompyuta.